Folda Iliyoitwa Mtoto

Shangazi mpendwa,

Shikamoo sana. Goti linasemaje? Mara ya mwisho uliniambia linapanda ngazi kwa masharti, na kwamba kushuka ndiko kabisa halitaki mazungumzo. Na ile sindano ya mashine ya kufuma iliyokuwa ikiruka uzi, umeipatia dawa? Sweta ulilonitumia nimelivaa hata sasa ninapoandika. Mikono yake ni mirefu kidogo, lakini najua ulipima kwa makusudi, maana hujawahi kukubali kwamba nimeacha kurefuka.

Sisi huku hatujambo. Baba amepasuliwa jicho la pili na sasa anaona vizuri mno, kiasi kwamba nyumba haina amani. Kutwa anazunguka akionyesha vumbi ambalo miaka yote lilikuwa likiishi nasi kwa utulivu. Juzi alimtazama Mama kwa muda mrefu, akamwuliza ana mvi tangu lini. Mama akamjibu kwamba zilianza wiki ya harusi, yeye tu ndiye hakuwa akitazama. Wote wawili wanakusalimu, na Baba anasema dada yake akija safari hii atamwona hadi nukta za gauni.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Simu nimejaribu, Shangazi. Kila nikigusa habari za karakana yetu ya vitanda vya hospitali unaniuliza kama nimekula. Nikisema nimekula, unauliza nimekula nini, na tukimaliza kujadili sahani salio nalo limekwisha. Barua haikatizwi. Nakuomba jambo moja tu: uisome kuanzia juu kwenda chini, usianzie mwisho kama unavyosoma magazeti. Habari niliyonayo ni njema. Ndani yake kuna kitu kizito pia, nacho nimekiweka mahali pake.

Lakini kwanza nataka kushukuru, tena nishukuru kwa kutaja, maana shukrani ya jumla jumla ni kama salamu ya mtu anayekimbilia basi.

Nilikuwa nimemaliza shule, nimekosa nafasi ya chuo, nashinda kwako nikijifanya nakusaidia kuosha vyombo. Siku moja ulifungua kompyuta yako juu ya meza ya jikoni, ukasogeza pembeni chupa ya mafuta na kopo la chumvi, ukaniambia nikae. Hukunitisha kwamba C, lugha ya kuandikia programu, ni ngumu. Ulisema ni lugha ya watu wasiopenda kurudia maneno. Ukanionyesha amri ya include, ukasema maana yake ni "lete" tu. Kompaila, ile programu inayogeuza maandishi yetu yawe kitu ambacho mashine inaelewa, ikikutana na amri hiyo inakwenda kulichukua faili lililotajwa, inalimwaga palepale, kisha inaendelea kusoma kana kwamba maneno yale yalikuwepo siku zote. Nikakuuliza, je, kama haijui faili liko wapi? Ukasema unaipa anwani, folda kwa folda. Nikakuuliza, je, kama anwani inabadilika kila mara? Ulicheka hadi ukashika meza, ukaniita Swali, na hadi leo hata muuza mboga ananiita hivyo.

Hapo ndipo uliponifundisha makro, yaani jina la badala. Unaandika mahali pamoja kwamba popote patakapoonekana neno KITANDA pasomwe neno fulani, na kompaila, kabla haijaanza kazi yoyote, inapita ikibadilisha bila kuuliza. Kwa makro ulikuwa umejenga anwani nzima ya faili: vipimo, halafu KITANDA, halafu joto. Ukiiambia kompaila kwamba kitanda ni mtoto, inaingia folda ya mtoto na kuleta vipimo vya joto vya kitanda cha watoto njiti, yaani tarakimu za kugeuza kinachopokelewa na kihisi, kile kidude cha kuhisi joto, kiwe nyuzi za kuonyeshwa kwenye skrini. Ukiiambia ni upasuaji, inaleta vya kitanda cha chumba cha upasuaji. Programu moja, vitanda vingi, na mtu habadilishi kitu ila neno moja. Mimi niliona mazingaombwe. Wewe ukaninyooshea mwiko.

"Kompaila ni mtumishi mtiifu asiye na busara," uliniambia. "Ukimtuma vibaya, atakwenda vibaya kwa bidii."

Nakushukuru kwa meza ile. Nakushukuru kwamba hukuchoka kujibu, na kwamba pale ulipokuwa hujui ulisema hujui, ukachukua karatasi tukatafuta pamoja. Nakushukuru ulivyoniombea nafasi karakana, nikaanza kwa kupima waya na kufagia vipande vya bodi, na hukuwahi kunipendelea mbele ya watu hata mara moja. Wakati ule iliniuma. Sasa naelewa.

Nije kwenye lile ambalo kwetu halijawahi kusemwa kwa sauti. Wewe unalijua kuliko mimi, lakini nivumilie nilipange nilivyolielewa.

Kitanda chetu kimoja kilikuwa wodini na mtoto njiti amelala ndani yake. Skrini ilionyesha joto la kawaida. Sista wa wodi aliingiza mkono kumbadilisha mtoto nepi, akahisi joto ambalo skrini haikulisema. Hakusubiri kumwita mtu. Alimtoa mtoto papo hapo akamlaza kifuani kwa mama yake. Mtoto alipona, na kwa hilo hakuna siku nimeacha kumshukuru Mungu. Lakini vitanda vyote vya toleo lile vilirudishwa, na mambo ya vipimo vya joto yalikuwa mikononi mwako. Ulilifungua faili lako mbele ya wote. Tarakimu zilikuwa sahihi. Ukatengeneza programu upya, ukawasha kitanda, nacho kikasoma uongo uleule. Mkuu wa karakana akakuuliza ueleze.

Mimi nilikuwa mlangoni, mkononi nina fundo la waya nililotumwa kuleta, na hakuna aliyekumbuka kulipokea. Hukumlaumu mtu. Hukulaumu kihisi wala umeme. Ulisimama, ukasema, "Faili ni langu na siwezi kulieleza. Mtu asiyeweza kueleza kazi yake asikabidhiwe watoto wa watu." Ukavua kitambulisho, ukatoka bila hata kuchukua mwavuli wako.

Nilikukimbilia getini nikasema nami naondoka. Ulinishika mabega, ukanigeuza nikatazama jengo. Ukaniambia kwamba tukiondoka wote wawili hatabaki mtu wa kuuliza, na kwamba sikuitwa Swali kwa bahati mbaya. Nilirudi ndani nikilia. Kila mshahara niliopokea tangu siku ile umetokana na mikono yako ile iliyonigeuza.

Baada yako, Mkuu aliamuru zile tarakimu ziandikwe moja kwa moja ndani ya programu, na ule ujenzi wako wa anwani uachwe. Kitanda kikasoma sawasawa. Watu wakapumua. Kila mmoja akaamini kwamba kasoro ilikuwa kwenye makro zako, ingawa hakuna aliyeweza kuonyesha iko wapi. Tulitia kiraka, na hatukuuliza tundu lilitoka wapi.

Mwaka huu tumeombwa kitanda kidogo cha kubebwa ndani ya gari la wagonjwa. Kina kihisi kingine, na kila tulipobadilisha kihisi ilibidi mtu akae anakili tarakimu kwa mkono kutoka huku kwenda kule. Tukaanza kukosea. Mara moja niligundua nimegeuza tarakimu mbili, na kama Risasi asingekuwa ananichungulia begani nisingeona. Risasi unamkumbuka, fundi wetu wa kulehemu. Bado anaimba akifanya kazi na bado hajui mashairi. Basi nikamwendea Mkuu, nikamwomba turudie njia yako ya kujenga anwani. Mwishowe akasema nijaribu, lakini kitanda chochote hakitavuka mlango mpaka nimshawishi yeye mwenyewe.

Niliondoa kiraka, nikarudisha anwani yako kama ulivyoiacha, makro kwa makro. Katika karakana tuna mwanasesere wa mpira tuliyemjaza maji, tunamlaza kitandani badala ya mtoto, kipimajoto cha kweli kimefungwa tumboni kwake. Nikawasha. Tukasubiri maji yapate moto. Skrini ikasema thelathini na sita. Kipimajoto kikasema thelathini na tisa.

Shangazi, ilikuwa kasoro ileile. Nilimtoa mwanasesere haraka kana kwamba yuko hai, maji yakanimwagikia, na Risasi aliyekuwa akiimba akanyamaza.

Siku zilizofuata niliyasoma maandishi yako hadi nikawa nayaota. Nilisoma kwa kidole. Nilisoma kwa kurudi nyuma. Niliyaandika kwenye karatasi nikayabandika ukutani, nikayasoma nikiwa nimesimama. Hayakuwa na kosa. Nilianza kuelewa ulivyojisikia siku ile, kuwa na kitu sahihi mkononi na uongo mbele ya macho, na watu wanasubiri useme.

Kilichonisaidia si akili, ni uchovu. Mchana mmoja, baada ya chakula, nilifungua faili lako la joto ndani ya folda ya mtoto, na juu kabisa, mahali ambapo hapatakiwi neno lolote ila maagizo, nikaandika kwa mzaha: shikamoo Shangazi. Kompaila haijui salamu. Ilipaswa kugoma na kunipigia kelele kwamba haielewi ninachosema. Haikugoma. Ilipita kimya, ikamaliza, ikaniambia kazi imekwisha.

Nilikaa nikiitazama. Nikaongeza maneno. Nikaandika jina langu, nikaandika habari ya goti lako, nikaandika upuuzi wa kila aina. Ikapita kimya. Ndipo nilipoelewa kwamba haikuwa ikilisoma faili lile kabisa. Miaka yote tulikuwa tumelihukumu faili ambalo kompaila haikulifungua.

Basi ilikuwa inasoma lipi? Niliitaka ifanye hatua ile ya kwanza tu, ya kubadilisha majina, kisha inionyeshe anwani jinsi inavyotoka mwishoni. Nilitegemea kuona vipimo, mtoto, joto. Ikaandika vipimo, 1, joto. Pale alipopaswa kuwa mtoto, kulikuwa na namba moja.

Nilimwita Risasi. Aliweka chini pasi yake ya kulehemu, akaja akifuta mikono, akatazama. Akaniambia kwamba karakana ilipoanza, kabla vitanda havijapewa majina, walikuwa wakijaribu vihisi vya kila namna, na vipimo vya kila kihisi waliviweka kwenye folda ya namba: ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kihisi cha kwanza kilikuwa cha zamani sana, kilishatupwa, lakini folda yake hakuna aliyeifuta, na ndani yake mlikuwa na faili linaloitwa joto. Kwa hiyo kompaila ilifika kwenye nyumba isiyo yako, ikakuta mtu mwenye jina ulilolitaja, ikamchukua ikaondoka naye. Laiti folda ile isingekuwepo, ingegoma kwamba haioni faili, nawe ungegundua kabla chai haijapoa. Risasi alitikisa kichwa akasema kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii hata mimi sikumcheka kwa methali zake.

Ikabaki kujua nani ameiambia kompaila kwamba mtoto ni moja. Nilitafuta neno hilo faili kwa faili, na nikalikuta kwenye mambo ya skrini, ambayo yanasomwa juu, kabla ya sehemu yako. Mtu alitaka skrini ijue picha ipi ya kuchora, akaandika makro mbili: mtoto ni 1, taa ni 2. Basi. Hakukusudia ubaya wowote, alitaka tu picha ya mtoto ionekane. Ila aliziandika kwa herufi ndogo, wakati wewe ulitusihi sote kwamba majina ya badala yaandikwe kwa herufi kubwa yasije yakagongana na maneno ya kawaida. Kompaila ikaja kwenye anwani yako. Ikaona KITANDA, ikabadilisha ikawa mtoto, kama ulivyoagiza. Halafu, kwa desturi yake, ikatazama tena, ikaona mtoto naye ni jina la badala, ikabadilisha ikawa 1, kama alivyoagiza mwingine. Iliwatii wote wawili.

Kwa hiyo, Shangazi, haya ndiyo niliyotaka uyasome ukiwa umekaa: faili lako lilikuwa sahihi. Anwani yako ilikuwa sahihi siku ulipoijenga, na iliendelea kuwa sahihi hadi mtu mwingine alipoweka neno lake juu yake. Haikuwa wewe. Haikuwahi kuwa wewe.

Risasi alivua miwani akaifuta, akalalamika kwamba moshi wa kulehemu leo ni mkali. Pasi yake ilikuwa imezimwa.

Nililibadilisha lile neno la skrini likawa PICHA_MTOTO, nikaziondoa folda za namba, nikaiambia kompaila ianze upya. Ikagoma palepale, ikilalamika kwa sababu ya shikamoo yangu. Sijawahi kufurahia kosa kiasi kile. Nilimwamsha hata mlinzi getini kumwonyesha, naye akanipongeza kwa adabu bila kuelewa napongezwa kwa nini. Kisha nikaifuta ile salamu, nikamjaza mwanasesere maji mapya, nikawasha. Skrini na kipimajoto vikasema kitu kimoja, na vikaendelea kusema kitu kimoja hadi jioni.

Kesho yake nilimpelekea Mkuu habari. Jinsi alivyoipokea nitakueleza baadaye kidogo. Kwa sasa ujue kwamba aliita watu wote, wa bodi, wa programu, wa kufungasha, hata mama wa usafi aliyekuwa na ndoo mkononi, akasimama mbele yao akasema kwamba faili lako halikuwa na kosa, na kwamba karakana nzima iliishi na uongo juu yako. Aliagiza kila kitanda kilichoko hospitalini kikaguliwe upya hata kama kina kiraka, na hakuna hata kimoja kilichokutwa kinadanganya. Wapo waliokuwa hawakufahamu, wameajiriwa juzi tu. Nao walisimama kama waliofiwa na mtu waliyemjua.

Kuna jambo jingine, na hili nakulaumu kidogo kwa mapenzi. Sista wa wodi alikuja kujaribu kitanda cha gari la wagonjwa, kuona kama komeo zinafungika kwa mkono mmoja. Kabla ya yote aliingiza mgongo wa mkono ndani kuhisi joto. Haiamini skrini tena, na sithubutu kumlaumu. Tukaanza kuzungumza habari za mtoto yule. Akaniambia anasoma darasa la kwanza na ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote mtaani kwao. Kisha akaniuliza kama namfahamu mwanamke mmoja mrefu, mkimya, aliyekuwa akija wodini kila jioni siku zile. Alidhani ni ndugu wa mama wa mtoto. Alikuwa akija na chupa ya chai, anashika mkoba wa yule mama ili apate kulala, anafua vinguo kwenye beseni la koridoni, kisha anaondoka bila kusema jina lake. Alikuja hadi mtoto aliporuhusiwa kwenda nyumbani. Sista alisema yule mama bado anamwulizia.

Shangazi, ulikuwa wewe. Umeacha kazi, umevunjika moyo, na jioni unakwenda kufua nepi za mtoto uliyeamini ulimwumiza. Hukutuambia. Baba hakujua. Nilipomsimulia alisema vumbi limemwingia kwenye jicho jipya. Sikumwambia Sista wewe ni nani, maana hilo ni lako kulisema. Ila nilimshika mikono nikamshukuru, kwa niaba yako na yangu, kwa mkono wake ule ulioingia kitandani kabla ya saa ya hatari.

Sasa nifike kwenye lile zito.

Mstari ule uliosema mtoto ni moja uliandikwa na Mkuu mwenyewe. Wiki tuliyokuwa tukikamilisha toleo lile, mtu wa skrini alikuwa mgonjwa, hospitali zilikuwa zinahimiza vitanda, naye akakaa kwenye kompyuta akaandika mistari michache ili picha zionekane. Akainuka, akasahau. Mimi nilijua kabla sijamgongea mlango, na usidhani sikuogopa. Niliingia ofisini kwake nimejiandaa kuzunguka maneno, nimsifu kwanza, nimtayarishe. Hakunipa nafasi. Nilipoweka karatasi mbele yake aliutazama mstari, akautambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake, akakaa chini taratibu.

"Huu ni wangu," akasema. Baada ya muda akasema tena, "Nilimtaka aeleze kitu nilichokifanya mimi."

Akaniuliza kama nimemwambia mtu. Nilidhani sasa ataniomba ninyamaze, na nikaanza kufikiria nitatafuta wapi kazi nyingine. Nikamjibu kwamba Risasi anajua. Akasema vizuri, lakini wengine wasisikie kwa mdomo wa mtu mwingine, wasikie kwa mdomo wake. Ndipo alipowaita watu wote. Nilikuambia alisema faili lako halikuwa na kosa. Sikukuambia alichosema kabla ya hapo, kwamba kosa lilikuwa lake, na kwamba alipokosa jibu aliona ni rahisi kukubali lile ulilojibebesha wewe. Aliniomba katika barua hii nitaje jambo kwanza na mtu baadaye, ili uionje furaha yako kabla hasira haijaingia. Nikaona ombi hilo ni la haki.

Nilimwambia nitakuandikia kwamba anaomba radhi. Akakataa. Alisema radhi haitiwi kwenye bahasha.

Kwa hiyo, Shangazi, dereva aliyekukabidhi barua hii hakuja peke yake. Mkuu yuko pale kwenye duka la kona, lile unakonunua nyuzi, amekaa kwenye benchi. Ameniahidi kwamba hatakanyaga mlangoni kwako bila ruhusa. Ukimwambia dereva hapana, watageuza gari, na mimi sitakuuliza kwa nini leo wala kesho, hata kama jina langu ni Swali. Ukimwambia ndiyo, atakuja kwa miguu. Sikumwahidi lolote kwa niaba yako. Kama ana jambo jingine la kukuomba kuhusu kiti chako kilicho wazi, hilo ni lake kulisema na lako kulijibu. Mimi sitaki kitu ila ulale usingizi wa mtu asiye na deni, maana hukuwahi kuwa nalo.

Naishia hapa, mkono umechoka na moyo umekuwa mwepesi. Baba na Mama wanakukumbatia. Risasi anasema atakuimbia ukija, usiahirishe safari kwa sababu hiyo. Lipumzishe goti, kunywa dawa zako, na unisalimie jirani yako mwenye kuku wakorofi. Asante kwa meza ya jikoni, asante kwa geti, asante kwa kila jibu.

Ni mimi mwanao akupendaye,

Swali

Nimesahau kitu kimoja. Kama utamkaribisha, chai yake siku hizi haina sukari. Daktari amemkataza, naye akiwa na wasiwasi husahau na kuitia.